Pole ya Mtungi Usiovunjika

Saa moja na nusu asubuhi, Felista Angetile amepiga magoti uani kwake, kijijini Ikombe, ng'ambo ya ghuba ya Matema. Mbele yake kuna chungu kibichi kilichokalishwa juu ya kigae. Mkono wa kushoto unazungusha kigae polepole. Wa kulia umeshika gunzi la hindi na unakwaruza udongo kutoka ndani, ukiutanua, ukiupa tumbo.

Hana gurudumu. Ikombe nzima hakuna mwenye gurudumu. Kuna kigae, gunzi, kipande cha kibuyu na jiwe la kulainishia ambalo mama humrithisha binti. Kwa vifaa hivyo Felista, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, hutoa vyungu vitano kabla jua halijawa kali, kila siku isipokuwa Jumapili na siku ya msiba.

Leo yuko kwenye cha tatu anapoitwa kutoka ufukweni.

"Mama Lusungu! Mama Lusungu, imefika! Ina stempu tatu!"

Anayepiga kelele ni Hezroni, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye jana alikwenda Kyela mjini kuangalia sanduku la posta la shule. Suruali yake imelowa hadi magotini. Hakungoja mtumbwi uvutwe nchi kavu. Kidole gumba cha Felista kinatoboa ubavu wa chungu. Anakitazama kitundu kile, kisha anakiponda chungu kizima kwa ngumi moja, kinarudi kuwa donge.

"Mwagonile, mama…"

"Utanisalimu baadaye, Mwalimu. Soma."

Hezroni anasoma kwanza kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, kisha anatafsiri. Barua imetoka Marekani, kwenye jumba la makumbusho la mji wa jangwani uitwao Santa Pelina. Wanamshukuru Bibi Felista kwa ziara yake ya mwezi wa nne. Wanasema maelezo yake kuhusu mtungi walionao "yanavutia sana". Lakini hawawezi kubadilisha kadi iliyowekwa chini ya mtungi huo bila ushahidi wa maandishi, hasa tamko la mfanyabiashara aliyeuuza mara ya kwanza.

"Yanavutia," Felista anarudia. "Kwani mimi nilikwenda kuwavutia?"

Anaosha mikono kwenye karai. Anaiosha mara ya pili, ingawa imeshatakata.

Kadi hiyo, kwa mujibu wa nakala aliyopewa, inasema hivi: Mtungi wa maji. Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Mnamo mwaka 1900. Mfinyanzi hajulikani.

Mfinyanzi anajulikana. Aliitwa Elizabeth Nsajigwa, amezikwa hatua mia mbili kutoka uani hapa, na alikuwa mama mzazi wa Felista. Mtungi huo aliufinyanga mwaka 1988.

Ulikuwa wa mwisho. Vidole vya Elizabeth vilikuwa vimeanza kukakamaa, akafanya tumbo kwa siku nne badala ya asubuhi moja. Alipofika shingoni mikono ikakataa kabisa. Akamwita bintiye, akamwambia, "Malizia mdomo, mimi nakaa hapa nikuone."

"Nikaumalizia," anasema Felista. "Hakunisifu. Mama hakuwa mtu wa kusifu. Alisema tu, 'Utashika maji.' Miezi miwili baadaye tukamzika."

Elizabeth alikuwa shoto. Ikombe nzima hakukuwa na mfinyanzi mwingine shoto. Ukiingiza mkono ndani ya chungu chake, mikwaruzo ya gunzi inakwenda kinyume na ya wenzake. Ndani ya mtungi ule, mikwaruzo ya mama inapanda ikielekea upande mmoja hadi shingoni, halafu inakutana na ya binti inayotokea upande wa pili. Mikono miwili, mtungi mmoja. Kwa miaka mitatu na zaidi ulikaa kando ya mlango wa Felista, na wajukuu wa marehemu walikunywa humo.

Kisha akaja Mudathiri.

Mudathiri ana duka Bondeni, Kyela mjini. Miaka ya nyuma rafu za duka hilo zilikuwa na viberiti na chumvi, na siku ya sukari watu walipanga foleni hadi barabarani. Biashara zilipofunguliwa, likajaa redio, mitumba na sabuni za kila rangi. Mudathiri, mwepesi wa kunusa soko, akagundua pia kwamba wageni wanapenda vyungu vya Wakisi, watu wa Ikombe. Akaanza kuvifuata mnadani Matema kila Jumamosi na kuvipakia kwenye pikapu, safari ya Mbeya na Dar es Salaam.

Chungu kikubwa anakinunua shilingi mia sita. Dar es Salaam kinauzwa elfu tano. Hilo Felista analijua, wala halimkeri sana. "Nauli ni nauli," anasema. "Na njiani vinavunjika."

Mwaka 1992 Mudathiri alikuja Ikombe mwenyewe. Akauona mtungi mlangoni, akauzunguka mara mbili, akachuchumaa.

"Dada Felista, niuzie huu."

"Huu ni wa mama. Hauuzwi."

"Basi niazime. Niuweke dukani, mteja akiingia aone mkono wa Ikombe ulivyo. Wataagiza, mtauza hadi mchoke."

Felista akamwazima. Aliufunga mwenyewe kwa majani makavu ya migomba, akausindikiza hadi kwenye mtumbwi.

Mwaka uliofuata Mudathiri alirudi na kanga mpya na kilo mbili za sukari. Uso ameuangusha. "Dada, kazi ya Mungu haina makosa. Paka ameruka rafuni, mtungi umekwenda chini."

Wanawake wa uani walilia. Felista aliipokea kanga kwa mikono miwili, akasema, "Ndaga, baba." Ahsante. Neno hilo leo hii analitamka kama mtu anayetema kokoto kwenye wali.

Katika ukoo wao, mtungi wa marehemu ukivunjika vigae havitupwi. Mabinti huvisaga na kuvichanganya kidogo kidogo kwenye udongo mpya, ili mkono wa marehemu usikatike kazini. Kwa hiyo Felista aliomba vigae. Mudathiri akasita kidogo, akasema vipo dukani. Juma lililofuata akaleta nusu gunia.

"Nilivitazama," anasema Felista. "Nikaona hakuna kipande cha mdomo. Mdomo niliufanya mimi, ningeujua hata gizani. Nikajiambia labda kimebaki chini ya rafu. Mtu ukishapokea kanga ya pole, unaona haya kuuliza maswali."

Akasaga. Kwa miaka mitano, kila alipokanda udongo, alitia konzi moja ya unga ule na kumwambia bintiye Lusungu, "Bibi yako yumo humu."

Bibi hakuwamo. Vilikuwa vigae vya vyungu vya watu wengine, takataka za njiani.

Aliyafahamu hayo mbali sana na Ikombe. Mwaka jana mfinyanzi mmoja wa Kimarekani, mwanamke wa makamo, alifikia kwenye nyumba ya wageni Matema. Akavuka kuja Ikombe, akakaa kwenye ua wa Felista wiki mbili akijifunza kuzungusha kigae. Alipoondoka aliahidi kumwalika. Watu walicheka: wageni wote huahidi. Mwezi wa tatu mwaka huu tiketi ikafika.

Santa Pelina, kwa maelezo ya Felista, ni mji wa watu elfu mbili na makumbusho manne. Hakuna mto. Hakuna mgomba. Mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Midomo yake ilipasuka siku ya pili, na udongo ulikauka mikononi kabla hajakipa chungu tumbo.

"Nilikuwa nakosea mbele ya watu, nao wanapiga makofi," anasema. "Nikasema, hawa Mungu awasaidie, hawajui chungu kinavyopasuka."

Alipelekwa kwenye ghala la zamani la jeshi lenye masanduku ya bati, matupu, yamepangwa kwa mistari. Watu walitembea katikati yake bila kusema neno, kama walio kwenye ibada. Alipelekwa chumba chenye taa moja nyekundu tu. Alipouliza iko wapi sanaa yenyewe, aliambiwa ni hiyo taa.

"Sikuwacheka. Kila kijiji kina yake. Lakini niliona, mtu aliyefunga taa hii jina lake limeandikwa ukutani, herufi kubwa kama kichwa cha mbuzi. Sasa tuendelee mbele."

Mbele kulikuwa na chumba cha vitu vya Afrika.

Hapo ndipo Felista alipofanya kosa ambalo kila mtu wa Matema angelifanya. Mnadani, mnunuzi hasemi lolote kuhusu chungu kabla hajakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kizima huitika. Chenye ufa hukohoa. Aliona mtungi juu ya meza nyeupe, umezungushiwa kamba, mchafu, rangi nyekundu ya ngeu imefifia chini ya masizi na matope makavu. Hakuutambua. Alitaka tu kujua kama ni mzima. Akavuka kamba, akaugonga.

"Uliitika," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Nikasema, ah, huyu mtu alijua kufinyanga. Nikaingiza mkono nimpime. Mkono ukakuta mikwaruzo ya shoto. Nikapandisha vidole taratibu mpaka shingoni. Nikajikuta mwenyewe."

Kengele ilikuwa inalia. Mlinzi alikuwa amemshika bega. Felista alikuwa bado ameingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na alikuwa akipiga kelele kwa Kiswahili: "Huyu ni mama yangu! Niliambiwa amevunjika! Nani kamleta huku?"

Mkalimani wake alikuwa Samira, binti wa Kitanzania anayesoma huko. Samira aliogopa. Alihofia polisi, alihofia kwamba mgeni wake atafukuzwa nchini. Watu wa makumbusho walipouliza mama anasemaje, alijibu: "Anasema mtungi huu unamkumbusha mama yake."

Wakatabasamu wote. Bibi mmoja mwenye shanga akampigapiga Felista mgongoni. Mwingine akamletea chupa ya maji.

"Nilipewa maji ya chupa!" Felista anainuka, anazunguka ua. "Mtungi wa maji umesimama pale miaka, katika nchi ya kiu, haujaonjeshwa hata tone, halafu mimi napewa chupa ya plastiki ninywe ninyamaze!"

Kesho yake Samira alimweleza alivyotafsiri, akaomba radhi huku akilia. Felista hakumkaripia. Wakakaa pamoja kuandika maelezo kwa mkuu wa makumbusho: shoto, shingo, mwaka 1988, duka la Bondeni. Samira akashauri waombe jambo dogo ambalo wakubwa hawawezi kulikataa. Wakaomba jina la Elizabeth Nsajigwa liandikwe kwenye kadi.

Jambo hilo dogo ndilo linalojibiwa leo kwa barua yenye stempu tatu. Mwongo ndiye atakayeaminika. Mwenye mama hatoshi.

Tangu mwezi wa tano, habari zilipomfikia, Mudathiri amekuwa akimtuma dereva wake Matema. Lakini Jumamosi hii analazimika kuja mwenyewe. Ana oda ya vyungu mia mbili vya hoteli moja mpya, na anataka kuvichagua kwa mkono wake.

Mnada umejaa mapema. Mitumbwi ya Ikombe imepangwa mchangani, na vyungu vimeshushwa mafungu mafungu, midomo juu. Mudathiri anashuka kwenye pikapu, kofia nyeupe, tabasamu pana, anasalimia kila fungu. Kwa Felista anapunguza mwendo.

"Dada Felista! Mtu wa Marekani! Umerudi hata pipi hukutuletea?"

"Nimekuletea karatasi, Mzee Mudathiri. Mwalimu anayo. Sema tu ulichofanya, yeye ataandika."

"Mambo ya karatasi yana ofisi zake, dada. Hapa ni sokoni."

"Hapa ndipo uliponiita dada mara ya kwanza."

Watu wanasogea. Mudathiri anatazama kushoto na kulia, anacheka kidogo, anashusha sauti kama mtu anayesuluhisha ndugu.

"Hebu tuseme ukweli. Ungebaki kwako si ungekuwa umevunjika kweli? Watoto, mbuzi, mvua za Kyela hizi. Kule umewekewa taa. Umewekewa askari! Dada, mimi nimekutunzia mama yako."

"Basi na mimi nipe wako nikamuuze, atunzwe."

Kicheko kinalipuka hadi kwenye mitumbwi. Bi Pili, mwenye mgahawa wa chai na maandazi pembeni mwa mnada, anaacha karai lake la mafuta na kuja na mwiko mkononi.

"Kaka Mudathiri, amana hailiwi," anasema. "Hilo tumefundishwa chuo cha Kurani kabla hata ya kujua kushika kalamu. Ulitoka Bondeni na kanga ukampa pole mwenzako kwa kitu kizima? Na vigae? Ulimwokotea vigae?"

"Pili, haya hayakuhusu. Rudi kwenye maandazi yako."

"Yataungua. Na yaungue."

Mudathiri anageukia vyungu. Anachuchumaa kwenye fungu la Felista na kunyoosha kifundo cha kidole ili agonge cha kwanza. Kabla hajagusa, Felista anakishika chungu na kukifudikiza, mdomo chini mchangani.

Matema chungu kilichofudikizwa hakiuzwi. Hiyo ni lugha inayoeleweka na kila mtu, toka Mwaya hadi Ikombe. Anafudikiza cha pili, cha tatu, fungu zima. Lusungu, bintiye mwenye miaka kumi na tisa, anafudikiza vyake. Kisha jirani, na jirani wa jirani. Hakuna aliyewapanga. Sauti ya midomo ya vyungu ikigusa mchanga inakwenda hadi mwisho wa mnada, na inapokoma, hakuna chungu kilichobaki kinatazama juu.

Mudathiri anaitazama pikapu yake tupu. Anavua kofia, anajifuta uso, anaivaa tena.

"Haukuvunjika," anasema.

"Sema wasikie wa nyuma," anasema Bi Pili.

"Haukuvunjika! Mmesikia? Alikuja Mzungu dukani, akatoa dola. Nikamwambia si wangu. Akaniuliza ni wa zamani? Ulimi ukatangulia, nikasema wa mababu. Akasema atarudi baada ya wiki. Nikaupaka matope, nikaufukiza jikoni." Anavuta pumzi. "Nilikuwa nimekopa mali ya duka zima. Nikasema Felista atafinyanga mwingine."

"Mama yangu atafinyanga mwingine?" Felista anauliza.



Hezroni anachomoa karatasi katikati ya daftari la mazoezi, anaiweka juu ya sanduku la bia la Bi Pili na kuandika kila neno. Mudathiri anatia saini, kisha anatia dole gumba pia, maana Bi Pili amesisitiza. Wino unamganda kidoleni, anaufuta kwenye mchanga.

Felista akiulizwa atakachofanya baada ya hapa, anasema anamfundisha Lusungu kufinyanga kwa mkono wa kushoto. Binti si shoto, na vyungu vyake vya sasa vimekaa upande kama walevi. "Lakini mikwaruzo inakwenda inakotakiwa," anasema. Anataka pia mabinti wa Ikombe watie majina yao chini ya kila chungu kabla ya kuchomwa, hata cha kupikia maharage.

Hezroni anaisoma kwa sauti barua yote aliyoandika kuwajibu makumbusho, ili Felista aithibitishe. Ni barua nzuri, ya heshima. Inaeleza, inashukuru, na inafika mwisho: "Kwa hiyo tunaomba kwa unyenyekevu jina la marehemu Elizabeth Nsajigwa liandikwe kwenye kadi…"

"Ngoja, Mwalimu."

Mnada mzima unangoja naye. Felista amesimama katikati ya vyungu vilivyofudikizwa, mikono imekauka udongo hadi kwenye viwiko. Kwa miezi mitano amekuwa akiomba jina. Ameliomba kwa Samira, kwa mkuu wa makumbusho, kwa mwalimu, na kila alipoliomba aliongeza neno tafadhali.

"Futa hapo," anasema. "Jina mama yangu alikuwa nalo kabla yao, hawawezi kumpa."

"Niandike nini, mama?"

"Andika kwamba mtungi ule uliazimwa. Sikuuza, na mama hakuuza. Niliomba jina kwa sababu niliambiwa niombe kidogo, na mimi nikaogopa, nikakubali. Sijavuka bahari nikarudi kwa ajili ya kadi." Anavuta pumzi, na sauti inatoka kubwa kuliko alivyokusudia, inafika hadi kwenye mitumbwi. "Nautaka mtungi. Urudi Ikombe. Nautaka wenyewe!"